Maji Mawili Yasiyokutana

Mtu akinipigia simu kutaka sola ya maji moto, swali la kwanza huwa lita. "Fundi, ya lita 200 utanifungia kwa bei gani?" La pili ni mirija: ipo mingapi, mirefu kiasi gani. Tukishavutana bei, la tatu ni nitakuja lini. Hakuna anayeuliza joto linavukaje kutoka kwenye paneli, lile bamba la paani linalokamata joto la jua, mpaka kwenye maji atakayojimwagia, na nikianza kueleza naona macho yanahamia kwenye simu. Basi nimeamua kuliandika, wateja niwe nawaelekeza hapa na kuokoa koo langu.

Mimi ni fundi bomba, makao yangu Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Kazi zangu nyingi ziko Njombe na Makete, na mara moja moja naitwa Dodoma, nashuka kwa njia ya Mtera. Sehemu hizi mbili hazifanani kwa lolote. Njombe kuna baridi na maji laini ya vijito vya milimani. Dodoma kuna jua kali na maji ya visima yenye chumvi na chokaa. Lakini kote kuwili nasema neno lile lile: kabla hujanunua tangi, uliza ndani yake kuna ukuta gani kati ya maji ya paneli na maji ya kuoga, na ukuta huo una ukubwa gani.

Nianze na Njombe, maana huko ndiko watu wanakopoteza paneli kwa usiku mmoja.

Mwezi wa saba wa mwaka mmoja, mama mwenye nyumba ya wageni pale mjini alinipigia alfajiri. Nikamwamkia, akaniitikia juu juu, akaingia kwenye hoja. "Mwanangu, ile sola imepasuka. Na usiku kucha hakuna aliyepanda juu ya paa." Niliikuta ni paneli bapa ya mfumo wa moja kwa moja, kwamba maji yale yale ya kuoga ndiyo yanayopanda kwenye paneli, yanapata moto, yanarudi tangini. Mabomba membamba ya shaba chini ya kioo yalikuwa yamechanika kwa urefu, kingo zimefunuka kwa nje. Mwizi hapasui shaba namna ile. Ilikuwa barafu.

Mama hakukubali. Ana kipimajoto barazani, na alfajiri ile kilisoma nyuzi 3. Maji si yanaganda kwenye sifuri? Nilimpenda kwa swali hilo, kwa sababu hata mafundi wengi hawajiulizi. Kipimajoto chake kilikuwa kimejificha chini ya paa, kinapima hewa. Paneli iko juu, imelala wazi ikitazama anga. Usiku usio na mawingu wala upepo, kila kinachotazama anga hutupa joto lake huko juu kwa mnururisho, na anga safi linarudisha kidogo sana. Ndiyo maana bustani ya viazi inaweza kuamka na sakitu, ule utando wa barafu ya alfajiri, huku hewa ya barazani iko nyuzi 2 au 3. Bamba jeusi la paneli linapoa kuliko hewa inayolizunguka, maji yaliyotulia ndani ya mabomba yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi. Shaba haina pa kukimbilia.

Dawa ni kuyazuia maji ya kuoga yasifike kabisa kwenye paneli. Paneli inapewa maji yake, yaliyochanganywa na propilini glaikoli, kimiminika kinachozuia maji yasigande upesi. Ukitia sehemu 30 kwa 100, mchanganyiko hauanzi kuganda mpaka nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na baridi ya Njombe haifiki huko. Mchanganyiko huo unazunguka kati ya paneli na tangi siku zote za maisha yake bila kugusana hata tone na maji unayooga. Kinachovuka ni joto peke yake, kupitia ukuta wa chuma. Ukuta huo ndio kibadilisha joto.

Kwenye sola za majumbani mara nyingi ukuta wenyewe ni jaketi, yaani tangi ndani ya tangi. La ndani limebeba maji ya kuoga. Nje yake kuna ganda la pili, na katikati umeachwa mwanya mwembamba ambamo glaikoli inapita. Kisha linafuata povu gumu la kuzuia joto, na bati la nje ambalo ndilo mteja analoliona na kulisifia rangi. Aina nyingine ni koili: bomba refu limesokotwa ndani ya tangi, glaikoli inapita ndani ya bomba na maji ya kuoga yanalizunguka.

Pampu hakuna, na hili ndilo linalonifurahisha mpaka leo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 ina uzito wa gramu 998. Maji hayo hayo yakifika nyuzi 60, lita ina gramu 983. Tofauti ni gramu 15, na injini yote ni hiyo. Kimiminika kikipata moto kwenye paneli kinakuwa chepesi, kinapanda kwa bomba la juu mpaka kwenye jaketi, kinaacha joto lake kwenye ukuta, kinapoa, kinakuwa kizito, kinateremka kwa bomba la chini kurudi mguuni pa paneli. Jua likikaza mzunguko unakwenda mbio, wingu likipita unasinzia, usiku unasimama wenyewe, mradi tangi limekaa juu ya paneli na si usawa nayo. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho, kosa dogo linatosha kuua kila kitu. Vijana wangu wanajua nitawafungulisha bomba lolote lenye mgongo, kwa sababu kiputo cha hewa kitapanda kukaa pale na mzunguko utaishia hapo. Bomba la kupanda lipande moja kwa moja mpaka mwisho.

Sasa joto linavukaje ukuta? Mama anayepoza uji wa mtoto anaijua kazi hii vizuri kuliko wauzaji wengi. Sufuria ya uji anaiweka kwenye beseni la maji baridi. Akiiacha ilivyo, uji ulio karibu na sufuria unapoa na ule wa katikati unaendelea kuunguza. Na maji ya beseni yaliyogusana na sufuria yanapata joto yanakaa pale pale, yanawazuia wenzao wa pembeni. Akikoroga uji na kuyatikisa maji, mtoto anakula mapema. Sufuria haikubadilika. Haikuwa sufuria iliyochelewesha kazi, ni ule utando wa uji uliotulia upande wa ndani na utando wa maji yaliyotulia upande wa nje.

Nalisema hili kwa sababu dukani utaambiwa ununue lenye koili ya shaba, kisa shaba inapitisha joto. Ni kweli inapitisha, takriban mara 25 zaidi ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Lakini ukuta wenyewe una unene wa milimita moja au mbili, na joto linaupita upesi hata ukiwa wa stenlesi. Foleni iko kwenye ule utando wa maji yaliyotulia huku na huku, kwa kuwa maji yasiyotembea ni mpitishaji dhaifu sana wa joto. Kwa hiyo ukinilazimisha kuchagua kati ya koili fupi ya shaba na jaketi pana la stenlesi, nachukua jaketi, na sifikirii mara mbili.

Upana ndio wenye maana, na hesabu yake si ngumu. Joto linalovuka linafuata eneo la ukuta na tofauti ya nyuzi kati ya pande mbili. Tuseme jaketi pana linavusha joto lote la paneli wakati glaikoli ina nyuzi 8 zaidi ya maji ya kuoga. Ukipunguza ukuta ukawa nusu, joto lile lile halitavuka mpaka tofauti ifike nyuzi 16. Mtu atasema, si hoja, glaikoli ipate moto zaidi. Hoja ipo: paneli iliyo na moto zaidi inavujisha joto zaidi hewani kupitia kioo chake, hasa kwenye upepo wetu wa Makambako. Jua ulilokwisha kulikamata linarudi lilikotoka. Muuzaji aliyepunguza ukuta ili tangi liwe rahisi amekuuzia lita 200 ambazo jioni zinakosa nyuzi kadhaa, na wewe utamlaumu mungu wa mawingu au fundi.

Na nyuzi hizo zina bei. Kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 16 hadi 56 kunataka uniti 9 na ushee za umeme. Fanya kila siku kwa mwezi, ni uniti karibu 280 kwenye LUKU. Kila nyuzi ambayo jua halikuivusha ukuta, ile hita ya umeme ya akiba ndani ya tangi itaimalizia kimyakimya usiku.

Kwenye majengo makubwa yenye pampu utakuta kibadilisha joto cha sahani: mabamba membamba ya stenlesi yaliyokunjwa mikunjo, yamebanwa pamoja, maji moto yanapita kwenye nafasi moja na baridi kwenye ya jirani. Mikunjo ile haikuwekwa kwa urembo. Inayavuruga maji yasipate nafasi ya kutulia ukutani. Halafu maji yanapitishwa kinyume, moto ukiingia kwa juu, baridi inaingia kwa chini. Yakipita upande mmoja, yenye nyuzi 60 na yenye nyuzi 20, kwa kiasi sawa, yatakutana kwenye 40 na biashara imekwisha. Yakipishana kinyume, maji baridi yanapokaribia kutoka yanakutana na yale yanayoingia, ambayo bado yana moto wote, na yanaweza kutoka yakiwa karibu na 60. Nimekuta hosteli moja ambapo mtu aliunganisha mabomba upande mmoja, wakaishi hivyo miaka wakilalamikia ukubwa wa boila. Kugeuza mabomba mawili ilikuwa kazi ya asubuhi.

Dodoma ni habari nyingine. Kule hakuna barafu ya kupasua kitu, na muuzaji atakwambia hivyo ili akupe mfumo wa moja kwa moja. Tatizo ni chokaa. Sukari inayeyuka vizuri kwenye maji ya moto. Chokaa kwenye maji inafanya kinyume. Maji yakipashwa, hewa ya kaboni iliyokuwa inaishikilia chokaa inatoka, na chokaa inaganda kuwa ukoko mweupe. Inaganda wapi? Pale penye moto kuliko pote. Kwenye birika la umeme ni kitako, kwenye sola ya moja kwa moja ni vile vijibomba vyembamba vya paneli, mahali ambapo huwezi kuingiza hata waya. Kila siku unaoga lita 200, kila siku lita 200 mpya zinaingia na chokaa yake mpya. Nimewahi kukata bomba la paneli kule, likawa na tundu la kupitisha njiti ya kiberiti tu.

Ukiweka ukuta katikati, paneli inabaki na lita zake chache zile zile, mwaka hadi mwaka. Chokaa iliyomo inaganda mara moja, kiasi kidogo, basi, hakuna nyingine inayoletwa. Mimi hata hizo chache sizitoi Dodoma. Nabeba dumu la maji ya mvua kutoka nyumbani, wateja wanacheka, wakinywa chai yao yenye chumvi. Upande wa maji ya kuoga chokaa bado inakuja, siwadanganyi, lakini ukuta wa jaketi ni mpana na moto wake ni wa kiasi kuliko wa paneli, kwa hiyo ukoko unajengeka taratibu, na tangi lina mlango wa kufungulia na kusafishia. Vibadilisha joto vya sahani kule vinataka adabu zaidi: nafasi zake ni finyu mno, na ukoko wa milimita moja unaweza kuiangusha kazi yake chini ya nusu. Usikubali kufungiwa bila koki mbili za pembeni za kuzungushia maji ya asidi ya ndimu.

Kuna namna rahisi ya kujua ukuta wako unaendeleaje, bila kifaa chochote. Saa sita mchana, jua likiwa kichwani, shika bomba linalotoka paneli na lile linalorudi. Shika kwa tahadhari, linaweza kukuunguza. La juu likiwa moto na la chini vuguvugu, joto linaachwa tangini, mambo ni mazuri. Yote mawili yakiwa ya baridi huku kioo cha paneli hakishikiki, mzunguko umesimama: glaikoli imepungua au hewa imekaa. Yote mawili yakiwa moto na maji ya bafuni bado ya kunung'unikia, glaikoli inafika tangini na kurudi na joto lake lote. Hapo ukuta haupitishi, mara nyingi umevaa ukoko mnene.

Kuhusu glaikoli nina ugomvi usiokwisha na baadhi ya wenzangu. Propilini glaikoli ni ghali na haipatikani kila mji, kwa hiyo mtu anakwenda duka la vipuri anachukua kulanti ya gari. "Si glaikoli zote, kaka?" kijana mmoja aliniambia, na chupa yake ya kijani mkononi. Si zote. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Ina ladha tamu na inaharibu figo. Ukuta tunaouzungumzia ni chuma, na chuma siku moja kitatoboka. Siku hiyo kilichokuwa kwenye jaketi kitakuwa kwenye maji ambayo mtoto anasukutulia mdomo. Propilini ya daraja la chakula ikivuja utakereka tu na rangi kwenye beseni. Nikikuta kulanti kwenye jaketi la mteja namwaga na kusafisha kabla sijagusa kitu kingine, na hilo sijadili bei.

Hata iliyo halali haidumu milele. Ikipikwa sana inavunjika na kuwa asidi, kisha inaanza kula chuma kutoka ndani. Inapikwa lini? Ukisafiri mwezi mzima wakati wa jua, hakuna anayeoga, tangi limejaa moto, joto halina pa kwenda. Valvu ya usalama inafunguka, glaikoli inamwagika paani, na wewe ukirudi unakuta mzunguko una hewa. Tupia shuka zito juu ya paneli kabla hujafunga mlango. Na kila mwaka chovya karatasi ya kupimia asidi. Ikisoma chini ya 7, badilisha.

Mafundi wenzangu, kuna jambo moja la kujaza. Tangi la ndani lijazwe maji kwanza, ndipo jaketi. Ukitia presha kwenye jaketi wakati la ndani ni tupu, ukuta unaweza kubonyea kwa ndani, na hakuna nyundo itakayoufikia. Ndivyo ilivyo pia kwenye kumwaga: jaketi kwanza, la ndani baadaye. Jaketi lenyewe lijazwe polepole kutoka chini, hewa itokee juu.

Ile mirija ya kioo yenye bomba la shaba katikati nayo ina kibadilisha joto, ila kimejificha. Ndani ya kila bomba kuna kimiminika kidogo sana, hewa imenyonywa, kwa hiyo kinachemka kwa joto dogo. Mvuke unapanda kwenye kichwa cha shaba kilichochomekwa tangini, unageuka tena kimiminika, unaacha joto, unarudi chini. Ni mfumo mzuri. Usiuchanganye na ile ya bei rahisi ambayo maji ya kuoga yanajaa moja kwa moja ndani ya kioo. Hiyo mrija mmoja ukipasuka tangi zima linamwagika.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Makete aliniuliza kama ahangaike na sola wakati jiko lake la kuni linawaka kutwa. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, jiko lako linatosha, tuweke koili nyuma ya moto." Nyumba za misheni za nyanda za juu zimefanya hivyo zamani: bomba limezungushwa kwenye kuta za jiko, maji yanazunguka mpaka kwenye tangi lililo juu zaidi, ugali unaiva na maji ya kuoga yanapatikana kwa kuni zile zile. Lakini sharti langu moja aliliandika ukutani kwa chaki, kwa mwandiko wa kialimu: hakuna koki kati ya koili na tangi, na bomba la kupumulia liwe wazi juu siku zote. Jua likizidi, paneli ina kikomo chake. Moto wa kuni hauna. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600, na ukiifungia njia itatoka kwa kubomoa jiko.

Kama unaishi Morogoro au mahali pengine pasipo sakitu, na maji yako hayaachi ukoko, usinunue jaketi kwa sababu nimelisifu. Chukua ya moja kwa moja. Ni rahisi, na joto halipotezi hata nyuzi moja kwenye ukuta ambao haupo. Kujua maji yako ni ya namna gani, chemshia kwenye birika jipya wiki mbili tatu bila kulisugua, kisha chungulia kitako. Picha yake unaweza kunitumia.